Mtafiti Naye Yumo Chumbani

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya pili, na nyinyi wasaili mnaojiandaa kwenda uwandani: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie dhana kuu za saikolojia jamii na mbinu zake za utafiti. Dhana mnazo madaftarini tayari: kufuata mkumbo, utii, mtazamo, upendeleo wa kundi, kusita kusaidia mbele za watu. Sitazipanga upya hapa. Nitakaa zaidi kwenye namna zilivyopimwa, maana katika fani hii dhana iliyotengwa na kipimo chake ni maneno ya barazani tu. Tunafundisha kwamba mtu hutenda kwa kuwaangalia walio karibu naye. Basi siku ya utafiti, aliye karibu kuliko wote ni mtafiti: yeye, dodoso lake, kitambulisho chake shingoni na gari lililomleta. Tukilisahau hilo, tunarudi mjini na takwimu zinazotueleza habari zetu wenyewe.

Tuanze na Solomon Asch, chuo cha Swarthmore, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kadi mbili. Ya kwanza ina mstari mmoja, ya pili ina mistari mitatu, na kazi ni kutaja upi kati ya ile mitatu unalingana na ule mmoja. Ni kazi nyepesi kiasi kwamba mtu akijibu peke yake hukosea chini ya mara 1 katika 100. Chumbani wameketi vijana saba mpaka tisa, lakini mshiriki wa kweli ni mmoja tu. Waliobaki wamepangwa. Mshiriki ameketishwa wa pili kutoka mwisho, hivyo anasikia majibu ya karibu wote kabla ya zamu yake kufika. Raundi ni 18, na katika 12 kati ya hizo waliopangwa wanataja jibu moja lilelile lisilo sahihi, kwa sauti ya kawaida, bila kutazamana.

Tazameni ufundi wake. Kwa nini wasidanganye raundi zote 18? Raundi mbili za mwanzo wanasema kweli, na nyingine nne za kweli zimetawanywa katikati. Zisingekuwepo, mshiriki angeshtuka mapema, na tangu hapo Asch asingekuwa anapima mkumbo. Angekuwa anapima jinsi mtu anavyojibu akijua anachezewa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwenye karatasi ya majibu yanafanana kabisa.

Matokeo mnayajua nusu. Katika ripoti ya mwaka 1956, yenye washiriki 123, asilimia 36.8 ya majibu katika zile raundi 12 yalifuata kosa la wengi. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu na kuandika kwamba theluthi moja ya watu hufuata mkumbo. Sivyo. Theluthi ile ni ya majibu, si ya watu. Karibu robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja, wachache waliyumba karibu kila raundi, na waliobaki walikuwa wakienda na kurudi. Wastani mmoja umeficha watu wa aina tatu. Ukipata wastani, chora mtawanyiko wake kabla hujaandika sentensi yoyote.

Kisha Asch akafanya lile ambalo kwangu lina thamani kuliko jaribio la kwanza: alibadilisha kitu kimoja kimoja. Mpinzani, yaani aliyepangwa kutaja kosa, akiwa mmoja, makosa yalikuwa asilimia 3.6. Wakiwa wawili, 13.6. Watatu, 31.8. Kuongeza wa nne na wa tano hakukuleta tofauti kubwa. Mshiriki alipopewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Na aliporuhusiwa kuandika jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka, mkumbo ulipungua sana. Hilo la karatasi linatenganisha maelezo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna mtu anayefuata wengi kwa kudhani wanajua asichokijua, na kuna anayefuata kwa kuogopa kuonekana kituko. Wa kwanza angekosea hata kwenye karatasi. Wa pili, akifichwa, anasema anachokiona. Jaribio zuri huwatenga hawa wawili kwa tendo, si kwa mabishano.

Sasa kuna kosa ambalo kwenye tasnifu halikosekani. Kuteua kwa nasibu na kugawa kwa nasibu si kitu kimoja. Kuteua ni swali la nani anaingia kwenye utafiti. Ndiko kunakokupa haki ya kusema juu ya watu ambao hukuwahoji. Kugawa ni swali la nani, kati ya walioingia, anapewa hali ipi. Ndiko kunakokupa haki ya kusema kipi kimesababisha kipi. Asch hakuteua kwa nasibu hata kidogo: washiriki wake walikuwa vijana wa kiume wa vyuoni. Kwa hiyo anaweza kutuambia kwamba idadi ya wapinzani husababisha mabadiliko ya majibu. Hawezi kutuambia asilimia ngapi ya Wamarekani hufuata mkumbo, sembuse binadamu wote.

Kugawa kunafanywaje? Chukulia una washiriki 80 na hali mbili. Andaa bahasha 80 zisizoonyesha kilichomo, 40 zenye A na 40 zenye B. Azichanganye mtu ambaye hatakuwepo mlangoni siku ya kazi, kisha zipewe namba 1 mpaka 80. Msaili anafungua bahasha baada ya mshiriki kuridhia, si kabla. Msaili akijua kwamba inayofuata ni B, na anayeingia ana uso wa hasira, atamwambia "mama, pita kesho", na hatajua kwamba ameharibu utafiti. Kupokezana, huyu A na anayefuata B, kunaonekana ni haki lakini kuna ugonjwa uleule: zamu inajulikana. Mbaya zaidi ni kuwapa A waliofika asubuhi na B waliofika alasiri. Aliyefika saa mbili asubuhi ana kazi yake, umri wake na sababu zake za kuwa huru saa hiyo. Ukipata tofauti, hutajua kama ni ya A na B au ya asubuhi na alasiri.

Idadi ya watu nayo hukisiwa kimazoea, "nilichukua 30 kwa sababu wenzangu walichukua 30". Hesabu yake haina siri. Kama unategemea makundi mawili yatofautiane kwa nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kuzunguka wastani), yaani tofauti ya kati, unahitaji watu 64 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona kwa kiwango cha kawaida cha 0.05, ule mstari unaokubali kuona kisichokuwepo mara 5 katika 100. Tofauti ikiwa ndogo, sehemu 0.2 ya mkengeuko, unahitaji karibu watu 394 kila kundi. Ukiweka 20 kila kundi, nafasi ya kuiona hata ile ya kati ni kama theluthi moja. Na ukiibahatisha, tofauti utakayoiona itakuwa imevimba kuliko ilivyo, kwa sababu katika sampuli ndogo ni tofauti iliyovimba tu ndiyo inayovuka mstari.

Mnaokwenda vijijini ongezeni jambo moja. Watu wa kijiji kimoja hufanana: msikiti au kanisa moja, kisima kimoja, mwenyekiti mmoja. Ukihoji watu 20 katika vijiji 20 una majina 400, lakini huna taarifa za watu 400. Kama ufanano wa ndani ya kijiji ni 0.05, ambao ni mdogo (0 ni kutofanana, 1 ni kufanana kabisa), chukua wale 20 wa kijiji, toa mmoja, zidisha 19 kwa 0.05, ongeza 1: unapata 1.95. Gawanya 400 kwa hiyo 1.95, umebaki na kama watu 205. Dawa ni kuongeza vijiji. Kuongeza watu ndani ya kijiji kilekile hakusaidii sana, ingawa ndiko kunakopunguza gharama ya mafuta, na ndiyo maana hupendwa na anayeshika bajeti.

Twende kwa Stanley Milgram, chuo kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961. Tangazo lilitafuta watu kwa ajili ya utafiti wa kumbukumbu, malipo dola 4 na senti 50 za nauli. Mshiriki aliwekwa kuwa "mwalimu", na kila "mwanafunzi" alipokosea, mwalimu alipaswa kubonyeza swichi ya umeme: swichi 30, kuanzia volti 15 mpaka 450. Mwanafunzi alikuwa mwigizaji, na hakuna umeme uliomfikia. Umeme wa kweli ulikuwa mmoja tu, wa volti 45, aliouonja mshiriki mwenyewe ili aiamini mashine. Katika ripoti ya mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika volti 450.

Kila mtu huvutwa na namba hiyo. Mimi huvutwa na msimamizi aliyekuwa nyuma yao. Alipewa sentensi nne za kumhimiza anayesita, kwa mpangilio maalumu, kuanzia ombi la upole mpaka kumwambia hana hiari nyingine. Zikiisha na mtu bado anakataa, kazi inasimama. Hicho ndicho kinachofanya utii wa mtu mmoja ulinganishwe na wa mwingine: wote wamesukumwa sawa. Kanda za sauti zilihifadhiwa, na watafiti waliozisikiliza miongo kadhaa baadaye waligundua kwamba mara nyingine msimamizi alitoka nje ya sentensi zile, akabishana na kubembeleza. Asilimia 65 ikabaki ileile, lakini maana yake ikalegea, kwani sasa sehemu yake ni ya ulimi wa msimamizi. Wasaili, mkipewa maelezo ya kusoma, someni yalivyo. Kila neno la wema mnaloongeza ni dozi ambayo haikuandikwa.

Kinachobaki imara kwa Milgram ni yale matoleo yaliyobadilisha hali. Msimamizi alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliofika mwisho walikuwa kama mtu 1 kati ya 5. Walimu wengine wawili, waliopangwa, walipokataa kuendelea mbele ya mshiriki, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Ni yuleyule mwenzake mmoja wa Asch amerudi kwa sura nyingine.

Gereza la Stanford la Agosti 1971, jaribio la vijana walioigiza walinzi na wafungwa, nitalipitia kwa haraka, maana limesifiwa kuliko linavyostahili. Vijana 24 waliteuliwa, dola 15 kwa siku, wiki mbili zilizopangwa zikakatishwa siku ya 6. Kasoro mbili zinatosha. Philip Zimbardo, mtafiti mkuu, alijiteua pia kuwa mkuu wa gereza, na walinzi walipewa mwongozo wa namna ya kuwafanya wafungwa wajisikie hawana nguvu. Mtu akifanya alichoelekezwa, huwezi kusema sare ndiyo iliyomfanya. Kasoro ya pili imo kwenye tangazo lenyewe, lililotaja maisha ya gerezani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Thomas Carnahan na Sam McFarland walitoa matangazo mawili, moja lenye maneno hayo na moja bila hayo. Waliovutwa na lenye gereza walikuwa na alama za juu zaidi za ukali na za kupenda mamlaka. Uteuzi ulianza kabla hata ya mtu kufungua mlango. Jiulizeni na nyinyi: barua yenu ya kuwaalika watu inasema nini, na inamvuta nani?

Kusita kusaidia kuna historia yenye funzo la aina nyingine. Machi 1964 Kitty Genovese aliuawa New York, na gazeti likaandika kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Habari hiyo baadaye ilionekana kuwa na makosa makubwa, lakini ilizaa jaribio safi. John Darley na Bibb Latané, mwaka 1968, walimweka kila mshiriki chumba cha peke yake, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja anasikika akishikwa na kifafa. Sauti ile ilirekodiwa, hivyo kila mshiriki alisikia kitu kilekile sekunde kwa sekunde. Aliyedhani yuko peke yake na mgonjwa alitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika mara 85 katika 100. Aliyedhani kuna mwingine mmoja anayesikia, 62. Aliyedhani wako wanne wengine, 31. Wale waliokaa hawakuwa na roho ngumu. Wengi walikutwa wanatetemeka.

Basi tukafundisha kwa miaka 50 kwamba umati hausaidii. Kisha kundi la Richard Philpot likachukua picha za kamera za mitaani, magomvi halisi 219 kutoka Lancaster, Amsterdam na Cape Town, wakahesabu. Katika magomvi 9 kati ya 10, angalau mtazamaji mmoja aliingilia, na uwezekano wa kupata msaada uliongezeka kadiri watu walivyokuwa wengi. Nani kakosea? Hakuna. Darley na Latané walipima uwezekano wa mtu mmoja mmoja kuchukua hatua. Kamera zilipima uwezekano wa aliyeshambuliwa kupata japo mmoja. Chukua mahesabu ya karatasi tu: kama kila mtu ana nafasi ya 0.31 na wako watano wasiotegemeana, nafasi ya kupata angalau mmoja ni zaidi ya 0.8. Zaidi ya hayo, mtaani watu wanaonana. Kwenye vile vyumba hawakuonana. Kabla hujasema utafiti fulani umeupindua mwingine, angalia kilicho chini ya mstari wa mgawanyo, yaani kila mmoja amehesabu kati ya nini.

Sasa tuje kwenye dodoso, maana wengi wenu hamtajenga mashine ya volti 450. Mtaketi kwenye mkeka au benchi na kuuliza maswali kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mitego yake ambayo vitabu vya nje havikuandika.

Wa kwanza ni swali la kukanusha. Uliza "Huwaamini majirani zako?" Mtu akajibu "Ndiyo". Anamaanisha anawaamini au hawaamini? Kwa Kiswahili cha wengi, "ndiyo" hapo ina maana umesema kweli, siwaamini. Lakini mwingine, hasa aliyezoea Kiingereza cha shule, atamaanisha kinyume. Umechanganya majibu mawili kwenye kisanduku kimoja na hakuna programu itakayoyatenganisha. Kipimo cha kujithamini cha Rosenberg cha mwaka 1965 kina vipengele 10, vitano vimeelekezwa upande hasi, kimojawapo kikisema mtu hana mengi ya kujivunia. Mtafsiri akateleza herufi moja, "kujivunia" ikawa "kujivuna", na mzee wa watu anakubali kwa moyo wote kwamba hana majivuno. Umemwandikia kujithamini kwa chini, kumbe amekueleza adabu yake.

Vipengele vya kugeuza vinahitajika, kwa sababu mtu mwenye heshima huitikia anachoambiwa na mgeni. Ila vigeuzwe kwa maana, si kwa "si" na "ha-". Upande mmoja: "Watu wa mtaa huu ni wepesi kusaidiana." Upande wa pili: "Mtaa huu kila mtu ana lake." Anayekubali yote mawili amekuonyesha kwamba anaitikia tu.

Vipimo vya ngazi tano, vile vya Rensis Likert vya mwaka 1932, vikisomwa kwa mdomo huchosha: msikilizaji anakumbuka ya mwanzo na ya mwisho. Gawanya swali mara mbili. Kwanza, "Unakubali au hukubali?" Akishajibu, "Sana au kidogo?" Asiye na upande mwandike hana upande, bila kumpendekezea. Kwa wasiosoma, punje tano za maharage juu ya meza, "sogeza kadiri unavyokubali", hufanya kazi vizuri, mradi uonyeshe kwa mfano usiohusu mada.

Tafsiri ipitie mikono miwili: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asilia anarudisha, kisha mnakaa mezani na tofauti. Lakini tafsiri rudishi haikamati kila kitu. "Kujitegemea" inarudi salama kabisa, lakini kwa Mtanzania neno hilo limebeba Azimio la Arusha la mwaka 1967. Anayelikubali huenda anakubali siasa, si tabia yake binafsi. Hilo utalijua kwa kuwaomba watu kumi au kumi na tano wa majaribio wakueleze swali kwa maneno yao kabla hawajalijibu.

Mnaotumia visa vifupi, ambapo kundi moja linasoma habari ya mwanamke na jingine habari ileile ya mwanamume, mna taabu ya pekee. "Yeye" haina jinsia, na "a-" haina jinsia. Mzigo wote unabebwa na jina. Na jina kwetu halibebi jinsia peke yake. Ukibadilisha Asha kuwa Emmanueli, umebadilisha jinsia na dini kwa mpigo, na tofauti utakayoipata haina mwenyewe. Asha na Juma, au Neema na Emmanueli, ndiyo jozi. Au uachane na majina, uandike "mama mmoja" na "baba mmoja", ingawa hapo umeongeza uzazi. Mwishoni mwa dodoso uliza: "Aliyesimuliwa alikuwa nani?" Kama watu 15 katika 40 hawakumbuki, kisa hakikufika, na kutopata tofauti hakumaanishi kwamba haipo.

Uwepo wa watu wengine nao uandikwe. Mwenyekiti wa kijiji aliyewasindikiza akiketi hatua tatu kutoka hapo, swali kuhusu uongozi limeshajibiwa. Huwezi kumfukuza kila mara, na si adabu. Mpe msaili mwingine kazi ya kumhoji mwenyekiti mwenyewe upande wa pili wa kiwanja, dodoso refu. Na kwenye fomu weka mstari: nani mwingine alikuwepo, kwa sehemu gani ya mazungumzo. Wasaili nao wagawiwe kwa nasibu, na kila msaili afanye A na B. Kijana akifanya zote za A na binti akifanya zote za B, umelinganisha wasaili.

Kwa mambo ambayo watu huyaficha, kuna njia ya orodha. Nusu ya watu wanasomewa mambo manne ya kawaida, wanaulizwa ni mangapi waliwahi kuyafanya. Idadi tu, bila kutaja yapi. Nusu ya pili wanasomewa yaleyale manne pamoja na la tano la siri, mathalani kutoa hongo. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.9 na wa pili 2.2, tofauti ya 0.3 ina maana watu kama 30 katika 100 wamelifanya. Hakuna aliyekiri mbele yako. Hushindwa pale mambo manne yote yakiwa ya kila mtu, kwa sababu anayejibu "matano" amejitaja. Chagua moja ambalo karibu wote hufanya, moja adimu, na mawili ambayo aliyefanya moja huelekea kutofanya jingine. Nayo inahitaji watu wengi, mamia kila upande.

Swali la kabila liende mwisho kabisa. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya mwaka 1967, Kenya huuliza. Kwa hiyo swali lilelile linasikika tofauti mpakani Namanga, upande huu na upande ule. Ukilianza nalo, umeshamwambia mtu unatafuta nini. Kulichunguza kunawezekana, tena kwa ubora. Marilynn Brewer na Donald Campbell walichapisha mwaka 1976 uchambuzi wa mahojiano yaliyofanywa Kenya, Uganda na Tanzania: makundi 30 ya kikabila, watu 50 kila kundi. Waliona watu wakilipendelea kundi lao karibu kila mahali, lakini mapenzi hayo hayakuambatana kwa lazima na chuki kwa wengine. Brewer aliendelea kuijenga hoja hiyo miongo kadhaa, na leo inafundishwa duniani kote, chimbuko lake likiwa hapa kwetu.

Na hapa kwetu ndiko pia lilikotoka somo ninalolipenda juu ya mtafiti kuwa chumbani. Joseph Henrich na wenzake walipeleka michezo ya kiuchumi kwenye jamii 15 ndogo, matokeo yakatoka mwaka 2001. Katika mmoja, mtu anapewa fedha na kuamua amgawie mwenzake asiyemjua kiasi gani. Mwenzake akikataa, wote wanakosa. Wahadzabe wa Tanzania walitoa kidogo, ilhali Waorma wa Kenya walitoa wastani wa asilimia 44, na waliojirudia zaidi ni waliotoa nusu kwa nusu. Jean Ensminger alipowaletea Waorma mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, walioelezwa kanuni walisema mara moja: hii ni harambee. Na wakachanga kama watu wa harambee. Mtafiti alileta mchezo usio na jina. Wachezaji wakaupa jina, na jina likaja na desturi zake. Hakuna chumba kitupu. Kila mnapoandika "tulipima ushirikiano", waulizeni washiriki: "Hiki kimekukumbusha nini katika maisha yako?"

Mwaka 2015 watafiti wengi kwa pamoja walirudia tafiti 100 za saikolojia. Za asili, 97 zilikuwa na matokeo yaliyovuka mstari wa 0.05. Zilizorudiwa zikavuka 36 katika 100, na upande wa saikolojia jamii ni kama robo tu. Sababu kubwa haikuwa wizi, ingawa wizi upo. Ni uhuru mdogomdogo: kuongeza washiriki kumi baada ya kuchungulia, kumtoa "yule aliyejibu ovyo", kupima vitu vitatu na kuripoti kimoja. Joseph Simmons na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba uhuru wa namna hiyo, ukijumlishwa, unaweza kupandisha hatari ya kupata kisichokuwepo kutoka asilimia 5 hadi 61. Dawa ni kuandika kabla: dhanio, idadi ya watu, nani atatolewa na kwa kigezo gani, uchambuzi upi ndio mkuu. Maandishi hayo yawekwe mahali penye tarehe isiyobadilishwa. Barua yenu ya kuomba kibali kwa tume ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, tayari inadai nusu ya hayo; malizieni nusu ya pili.

Na mshiriki anapomaliza, usimwambie siri yako kwanza. Muulize: "Unadhani tulikuwa tunatafuta nini?" Halafu: "Kuna kitu kilikushangaza?" Andika majibu neno kwa neno kabla hujafungua mdomo, kwani ukishaeleza, kila mtu atasema alijua tangu mwanzo. Kisha mweleze kilichofichwa na kwa nini kilifichwa, mpe nafasi ya kuondoa taarifa zake, na usimwache aondoke na aibu iliyotoka kwako. Nauli yake apewe mwanzoni, mkononi, kabla ya swali la kwanza, ili ajue akiondoka katikati anaondoka nayo.

Sasa toeni madodoso yenu, mpeane na jirani. Pigieni mstari kila swali lenye "hu-", "ha-" au "si", na kila kisa chenye jina. Tutaanza na yale yenye mistari mingi.